Feni na Mwenye Feni

Feni ya kompyuta huchomekwa kwenye soketi ndogo ya ubao mama, yenye pini 3 au 4. Pini ya kwanza ni hasi, ya pili huleta volti 12, ya tatu hurudisha taarifa za mwendo: mapigo 2 kwa kila mzunguko. Feni ya pini 3 hutii njaa tu. Ikipunguziwa volti hupunguza mwendo, ikipunjwa mno husimama. Ya pini 4 ni mstaarabu zaidi: hula volti 12 zake zote, kisha hupokea amri kupitia pini ya nne, kwa mapigo kama 25,000 kwa sekunde.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mwenye kompyuta anapoingia BIOS kuchora mstari wa joto na kasi. Wengi huchora mlima. Prosesa hupanda nyuzi kadhaa kwa kufungua ukurasa mmoja tu wa intaneti, ikashuka papo hapo. Feni nayo huvuma, hunyamaza, huvuma tena, kama mshereheshaji anayejaribu kipaza sauti. Dawa ni kuchelewesha mwitikio kwa sekunde chache, na kwa kawaida imo kwenye menyu ileile. Haiguswi, kwa kuwa mhusika yuko dukani anachagua feni ya tatu, yenye taa.

Hiyo ya tatu huungwa kwa waya wa kugawanya, ambao kwa kawaida hupeleka taarifa za feni moja tu. Nyingine zikifa, ubao mama haupewi habari ya msiba.