Pampu Kwenye Sufuria ya Wali

Ukioa Garsen, mwenzangu, umeoa na mto. Mama Kasuku alikuja na shamba la ukingoni, lenye miembe na migomba, na shamba likaja na pampu. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Nyandarua, Tana hutufurikia huku hata wingu hatujaliona. Mto ukishuka, maji hujificha chini ya ukingo na lazima uyavute. Ndiyo maana pampu kwetu ni mwanafamilia, tena ina hasira kunishinda na inasikilizwa zaidi.

Ni kapampu ka kubeba begani, injini ya tu-stroku. Haina mahali pa kuwekea oili. Unaichanganya na petroli, na hii yetu inataka mililita 40 kwa kila lita. Basi kuna mtu alitia petroli tupu. Nani? Nyumbani kwangu hakuna mtu. Ikakohoa, ikanyamaza, na kamba ya kuwashia haivutiki ng'o.

Fundi ninayemwamini yuko Malindi, zaidi ya kilomita 100, na nilikuwa nishavaa viatu.

"Baba Kasuku, nauli yote hiyo ya nini, na kaka yangu yupo?"

Kaka yake ni shemeji yangu Bado Kidogo. Muulize kama ameshiba: bado kidogo. Ameoa? Bado kidogo. Nyumba yake imekwama kwenye lenta tangu kabla ya mafuriko ya 2023. Ufundi ameupata kwenye simu, kwa mzee mmoja wa Marekani anayefungua injini za ndege za kuchezea, pistoni yake haizidi kidole gumba. Injini zile hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta, mara nyingi ya mbarika, hii hii inayoota kwetu vichakani. Zikikaa miaka kabatini, mafuta hugeuka gundi na kila kitu kinashikana. Sheria ya yule mzee ni moja: usilazimishe. Bisibisi si mtaimbo. Ukichokonoa pale silinda inapokutana na kasha la chini, aluminiamu inachubuka, hewa inavuja, na tu-stroku inayovuja chini haiwaki vizuri hata uiombee dua.

Lazima nikiri, shemeji aliifuata sheria. Alitoa plagi, akamimina dizeli kwenye tundu, akailaza injini usiku kucha. Kitandani kwetu, upande wa miguu, eti nje kuna vumbi. Asubuhi akalegeza nati kwa mkingamo, kidogo kidogo, akaivuta silinda wima bila kuizungusha, maana ukiizungusha, ncha ya ringi inanasa kwenye tundu la moshi na kuvunjika. Ikatoka nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi, na hata hiyo niliambiwa naishika vibaya.

Ikabaki pini ya pistoni, imefungwa na klipu mbili nyembamba kama kucha ya mtoto. Hapo akatokea mama mkwe. Kimoyomoyo namwita Bibi Forodha, kwa kuwa hakuna mfuko unaoingia nyumbani usiokaguliwa. Alitazama, akavua leso ya juu, akaifunika injini na mikono ya mwanawe yote. Ti! Klipu iliruka, ikadunda ndani ya leso. Bila yeye tungekuwa bado tunachekecha mchanga wa uani.

Pini sasa ilitaka moto. Aluminiamu ikipashwa hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo pistoni hulegea na pini husukumika kwa kidole. Bado Kidogo akaona maji yanatokota jikoni, akaipindua injini, pistoni ikaogelea.

"Hii supu ya nini?" akauliza Bibi Forodha.

"Bado kidogo, mama."

Yalikuwa maji ya wali. Sufuria imesuguliwa kwa majivu na ndimu, na wali bado unanuka dizeli.

Masizi yakakwanguliwa kwa kijiti, ringi mpya ikavalishwa, tatizo likawa gasketi ya karatasi iliyochanika. Kasuku, ambaye hurudia kila neno la wakubwa mbele ya wageni, siku hiyo hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na karatasi ya manila, unene sawasawa. Mjomba akaibandika kwenye kasha, akagonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo hadi ikakatika umbo lake, akaipaka oili, akafunga. Pampu ikawaka, migomba ikanywa. Shemeji kachinjiwa kuku. Mimi nimepewa orodha, na sufuria mpya yenye mfuniko iko juu kabisa.

Manila ile ilikuwa ripoti ya muhula. Mwalimu wa darasa ameniita Ijumaa, anataka kuiona ikiwa na sahihi ya mzazi. Ipo, mwalimu, tena imebanwa vizuri. Nikiifungua injini, Mama Kasuku atanifungia mlango.