Nimekuja Kukusalimu Tu

Mchana kutwa nyumbani kwangu hakuna anayekula, na bado hakuna mwezi ninaonunua chakula kama huu wa Ramadhani. Magimbi, mihogo, nazi, tende, tambi. Sasa limeingia kumi la mwisho, Idi inanukia, na juu ya futari yameongezeka mahitaji ya sikukuu. Nikileta mchele, naulizwa iliki iko wapi. Nikileta iliki: "Baba nanii, kwani mdalasini hukuuona?" Niliuona. Ulikuwa umejaa tele. Haukuwamo kwenye orodha. "Sasa pilau bila mdalasini ni pilau gani?" Mtu aliyefunga hagombani, kwa hiyo nikageukia palepale mlangoni, nikarudi Kariakoo.

Kariakoo ya siku hizi mtu hatembei, anasukumwa. Mtaa wa Kongo, njia ya magari imelaliwa na viatu vya watoto, njia ya miguu imelaliwa na magauni, na katikati anapita kijana wa mkokoteni akipiga kelele "Pisha, pisha!" kana kwamba kuna pa kupishia. Vipaza sauti vinataja bei ileile bila kupumua. Na cheo changu kinashuka kadiri ninavyokaribia kuondoka: nikisimama naitwa bosi, nikiuliza bei naitwa kaka, nikirudisha shati mahali pake naitwa mzee. Shati lenyewe ni la mtoto wa miaka sita. Kitambaa chake hakitoshi kufunika mto, lakini bei yake inazidi ya langu la kwendea harusini.

Nilipouchomoa mdalasini kutoka katika vita ile, nikaona nastahili kuiona sura moja ya binadamu asiyetaka hela yangu. Nikamkumbuka rafiki yangu fundi cherehani, pale Magomeni. Hanidai, simdai, tumecheza chandimu pamoja. Nikasema niende nikamjulie hali.

Nikamkuta kijana wake mlangoni, pasi mkononi. Kabla sijamaliza salamu akanijibu, "Fundi katoka kidogo."

Kwenye kona kulikuwa na lile pazia la kupimia nguo. Chini ya pazia kulikuwa na makubadhi. Ndani ya makubadhi kulikuwa na miguu.

"Mwambie akirudi," nikasema kwa sauti, "kwamba mimi sina nguo hapa. Nimekuja kumsalimu tu."

Makubadhi yakasogea. Kikatoka kichwa, futi shingoni, pini mdomoni. "Kumbe wewe, ndugu yangu! Mbona husemi?"

Ndani, kanzu zilikuwa zimetundikwa ukuta mzima: hii haina mkono, ile haina kola, nyingine ina kola lakini haina mwenyewe, maana karatasi yenye jina imedondoka. Nikamwambia, si ungeanza mapema? Akaniambia Idi imemjia ghafla. Namheshimu, lakini mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka sikukuu huwahi kwa siku 10 hadi 12. Huo mwendo haukuanza jana. Mahesabu ya kola anayajua mpaka nusu inchi. Ya kalenda hayataki kabisa.

"Tatizo si kalenda," akasema. "Tatizo ni mwezi."

Hapo nikamwelewa kidogo. Mfungo ni siku 29 au 30, na kalenda ya ukutani yenyewe imejiondoa lawamani kwa kuandika "kutegemea kuandama kwa mwezi". Wapo pia wateja wasiosubiri mwezi wa hapa nchini; ukionekana Saudia, wao wanaswali Idi. Kwa hiyo fundi ana wateja wa miezi miwili na cherehani moja. Kila mtu jijini anatazama magharibi akiomba mwezi uandame, isipokuwa yeye. Mtu mzima amefunga tangu alfajiri, midomo imemkauka, na bado anaomba aongezewe siku moja ya kufunga. Asiyemjua angemdhania walii.

Nikainuka kuaga. Hilo ndilo kosa ambalo fundi hulingoja. "Unaondoka? Basi nishikie hapa kidogo." Nikashika. "Nivutie huku." Nikavuta. Punde nikajikuta nimekalia kigoda mlangoni, mapajani nina mashati ya sare ya familia nzima, mkononi nina sindano na kopo la vifungo. Mdalasini wangu umewekewa mzigo wa vitambaa juu. Na kwa kuwa ni mchana wa Ramadhani, hata ile chai ya kumpooza msaidizi hakuna.

Akaja mama mmoja, mkoba kwapani, sura ya mtu aliyezungushwa vya kutosha. "Mashati ya wanangu?"

Nikayatazama yale ya mapajani. Yalikuwa ndiyo. "Yamebaki vifungo tu, dada yangu," nikasema.

Sijui tangu cherehani ya kwanza iingie pwani hii maneno hayo yamesemwa mara ngapi. Najua tu kwamba siku hiyo yalikuwa kweli, vifungo vyenyewe nimeshika, na yule mama aliniangalia kuanzia kofia mpaka ndala. "Na wewe mtu mzima," akasema, "umefunga, halafu unasema uongo!" Akavuta benchi, akakaa mbele yangu kuhesabu kila tundu ninalotoboa. Nyuma yangu makubadhi yalikuwa yamesharudi chini ya pazia.

Alipoondoka na mashati yake, fundi akatokeza akinilaumu. "Ndugu yangu umeadimika sana. Mtu huonekani mpaka sikukuu!" Nilikuwa na jibu, ila adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia na nyumbani mdalasini unasubiriwa. Nikamuuliza tu kanzu yake mwenyewe ya Idi iko wapi.

Akanyoosha kidole juu ya rafu. Kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vilevile kilivyotoka dukani, na stika ya bei juu yake.

"Ile pale," akasema. "Imebaki vifungo tu."