Risala kwa Mheshimiwa Kitufe cha Kununulia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Kitufe cha Kununulia. Ndugu Kikapu cha Manunuzi. Ndugu Alama ya Kuzunguka, ambaye tangu tufike hapa hajapumzika. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Sisi wateja wa duka moja la gemu la mtandaoni, ambalo kwa adabu hatutalitaja, tunayo furaha isiyo kifani kusimama mbele yako jioni hii. Tunasema jioni, ingawa tulianza kusimama asubuhi. Wapo wanaopita huko mitaani wakidai kwamba umeharibika, kwamba unabonyezwa na hutikisiki. Tumekuja kuwasuta.

Tuanze na sifa ndogondogo. Huna upendeleo: umemkatalia mwenye kadi ya benki na mwenye kadi ya mtandaoni ya pesa za simu kwa ukijivu uleule. Hupokei rushwa, na kwa kweli hupokei hata bei halali. Umelinda ndoa zetu, kwa sababu lori ambalo halijanunuliwa haliwezi kuendeshwa hadi saa nane usiku. (Tulisahau kusema: gemu yenyewe ni ya kuendesha malori. Wapo watu wazima wanaotoka kazini wamechoshwa na foleni ya Mbagala, na wakifika nyumbani wanachotaka ni kuendesha lori. Tusiwahukumu.) Punguzo la bei lilipotangazwa hukubabaika, na lilipokwisha hukubabaika vilevile.

Ukoo wako nao si wa kubahatisha. Mwaka 1999 kampuni ya Amazon ilipewa hataza nchini Marekani ya kununua kitu mtandaoni kwa kubonyeza mara moja tu. Kabla mwaka haujaisha, mahakama ikawazuia Barnes & Noble, wauza vitabu, kutumia njia ya namna hiyo, wakalazimika kumwongezea mteja hatua nyingine, abonyeze tena. Apple walilipia leseni mwaka 2000 yakaisha. Hataza hiyo ilidumu hadi 2017. Yaani kwa karibu miaka 18 babu yako mmoja alitembea na mawakili. Tukikutazama leo tunaelewa heshima uliyo nayo kwa wazee. Wenzako waliogopa kukubali kwa mbonyezo mmoja. Wewe hukubali hata kwa kumi.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Sifa yako kuu, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike risala hii, ni ualimu.

Kabla yako tulikuwa watu wa kubonyeza tu. Hatukuuliza kilichoko nyuma ya ukurasa wala nani anakaa huko. Ulipokataa, darasa likaanza. Muhula wa kwanza ulikuwa wa kache. Tulijifunza kwamba kivinjari huweka akiba ya vipande vya kurasa ili kisivipakue upya kila mara, na kwamba duka likibadili programu zake huku kivinjari kimeng'ang'ania nakala ya zamani, Kitufe huweza kuita jina ambalo huko kwenye seva hakuna tena wa kuliitikia. Elimu nzuri sana. Tukafuta kache. Tukafuta na vidakuzi, kwa sababu maelekezo yaliwataja kama mapacha, na papo hapo tukatolewa kwenye barua pepe, kwenye benki, na kwenye kila akaunti tuliyowahi kufungua tangu tupate intaneti. Nenosiri la nyingine hatukulikumbuka. Hapo ukawa umetuingiza kwenye somo la pili, saikolojia ya kumbukumbu, bila hata kengele kulia.

Muhula uliofuata ulikuwa wa kizuia matangazo. Programu hiyo ndogo huzuia vipande vinavyotoka kwenye tovuti za watu wengine, na kumbe malipo ya kadi mara nyingi hutoka kwenye tovuti ya watu wengine. Kwa hiyo mlinzi uliyemweka getini afukuze wachuuzi anamfukuza na mgeni aliyekuja na posa. Tukakizima. Matangazo yaliyokuwa yamesubiri nje kwa miaka yakaingia yote kwa mkupuo, likiwamo la gemu ileile tuliyokuwa tunashindwa kuinunua. Lilikuwa na kitufe chake. Kilibonyezeka vizuri kabisa, kikatuleta kwako.

Ukatufundisha wakati. Nani alijua kwamba kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, saa ikarudi nyuma miaka kadhaa, hukataa kuamini vyeti vya usalama vya tovuti, kwa kuwa inaona cheti kimetolewa mwaka ambao kwake haujafika? Hiyo ni falsafa nzima. Saa yetu ilikuwa sahihi, lakini tangu siku hiyo tunaitazama kwa heshima. Ukatufundisha jiografia: mwenye VPN, ile programu ya kujifanya uko nchi nyingine, aizime, maana duka likiona kadi ya nchi hii na mtandao wa nchi ile linashuku wizi. Ukatufundisha uchumi, pale tulipoagizwa tuifute programu ya duka na kuipakua upya, kwa bando letu, usiku, wakati bando ni la bei nafuu, na asubuhi tukaikuta imesimama karibu na mwisho kwa sababu bando lilikwisha kabla yake.

Leo tunaweza kusema bila kujisifu kwamba tumehitimu. Vijana wanaosoma teknolojia ya habari chuoni hulipa ada kila muhula. Wewe ada tulikuletea mkononi, ukaikataa. Kama kuna chuo kikuu kinachotafuta mtu wa kumtunuku udaktari wa heshima mwaka huu, kisihangaike. Joho la kijivu unalo tayari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, risala yoyote ina sehemu ya changamoto, ambayo mgeni rasmi huisikiliza akiangalia saa. Zetu ni chache.

Tuliandikia huduma kwa wateja. Ilijibu mashine, ikatushukuru kwa uvumilivu wetu kabla hatujavumilia, ikauliza kama tumefuta kache. Tukasema ndiyo. Akaja mtu, au kitu kilichojitambulisha kama mtu, akaomba picha ya skrini. Tukapiga, tukatuma. Akasema amefurahi sana kutuhudumia, na je, tumejaribu kufuta kache? Tukajibu kwamba tumefuta kache, vidakuzi, na sehemu ya ujana wetu. Akatuma kiungo cha ukurasa wa maelekezo. Hatua ya kwanza katika maelekezo hayo: futa kache.

Halafu kuna ile dola. Kabla ya masomo hayo yote, tulipoingiza namba ya kadi, duka lilikata dola moja ili kuhakikisha kadi ni hai, likaahidi kwamba itarudi. Dola hiyo ilikatwa papo hapo. Ujumbe wa simu uliingia kabla sijaondoa kidole. Sasa samahani, mgeni rasmi, naomba nitoke kidogo kwenye karatasi. Dola yangu ilipita njia gani? Kache ilikuwa hiyohiyo chafu, kivinjari hichohicho, kizuia matangazo kimewashwa! Hakuna aliyeniambia nizime chochote ili hela itoke. Nikauliza duka dola iko wapi, likasema niwaulize waliotoa kadi. Waliotoa kadi wakasema muamala haujakamilika upande wa mfanyabiashara, niliulize duka. Wakarushiana mpira wiki nzima na mpira ni mimi. Dola moja si kitu, siidai. Hapana, naidai. Ni yangu.

Narudi kwenye risala.

Tulipokuwa tumekwisha kufuta kila kinachofutika, ndipo tukakutazama vizuri, wewe na majirani zako. Juu yako kuna fomu ya anwani. Nchi tulichagua sawasawa: ipo kwenye orodha, baada ya Tajikistan na kabla ya Thailand, imeandikwa kwa ule mtindo wa kiofisi, Tanzania, Jamhuri ya Muungano wa. Mtaa tukaandika. Namba ya nyumba tunayo, kibao kimepigiliwa ukutani tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Postikodi yenye tarakimu 5 tunayo. Chini yake kuna kisanduku cha jimbo, na pembeni yake kinyota chekundu: lazima kijazwe. Ukikigusa kinafunguka, na ndani hamna kitu ila mstari mmoja: tafadhali chagua. Unachagua nini? Ukijaribu kuandika Dar es Salaam herufi hazishiki, kwa sababu hapo hapaandikwi, panachaguliwa. Nchi ina mikoa 31 na humo hakuna hata mmoja. Kwa majaribio tukabadili nchi tukaweka Marekani. Majimbo 50 yakateremka yamepangwa kialfabeti. Tukagusa la kwanza, Alabama, na wewe, Mheshimiwa, ambaye hatukuwahi kukuona na rangi nyingine, ukageuka kijani. Tukarudisha Tanzania. Ukarudi kijivu.

Kwa hiyo hujaharibika hata siku moja. Umeamriwa usimpitishe mtu mpaka kisanduku kile kijazwe, na kisanduku kile hakijaziki. Aliyeandika amri hiyo aliijaribu kwa anwani ya kwao, ikapita, akaenda kula chakula cha mchana. Mwenzake akaiongeza Tanzania kwenye orodha ili kampuni iseme inauza dunia nzima. Hakuna kati yao aliyekaa dakika mbili akajifanya mtu wa Temeke anayetaka kununua gemu. Dakika mbili! Badala yake wameajiri idara nzima ya kuwauliza watu wa Temeke kama wamefuta kache.

Wala tusidanganyane kwamba vitufe ni kazi ngumu kwa watu hawa. Kinachotakiwa kuuza, huuza. Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, wangelipa dola milioni 520, na kati ya hizo milioni 245 ni za kuwarudishia wateja. Kwa mujibu wa tume hiyo, vitufe vya Fortnite vilipangwa kwa namna ya kuchanganya, hata mchezaji akaweza kutozwa kwa mbonyezo mmoja wakati anaiamsha gemu iliyolala, au wakati bado inafunguka, au alipotaka tu kuangalia bidhaa na kidole kikaangukia kitufe cha jirani. Watoto walinunua bila mzazi kuombwa idhini. Malalamiko yaliyopuuzwa, tume inasema, yalizidi milioni moja, na waliopinga makato kwa kampuni za kadi zao walifungiwa akaunti. Kilichokuwa kigumu kukiona ni kitufe cha kughairi na cha kurudishiwa fedha. Huko hakuna mtoto aliyeulizwa jimbo, wala kuagizwa afute kache ndipo akatwe.

Na tuseme siku moja umelainika ukakubali. Ungetupa nini? Ubisoft waliuza The Crew, gemu ya magari, kuanzia mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva zake, na aliyeilipia akabaki hana cha kuwasha. Tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wa gemu za namna hii wamwambie mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Wewe umetuepusha na misiba hiyo. Gemu ambayo hatujauziwa hakuna wa kutunyang'anya.

Lori, hata hivyo, tumelipata. Kuna kijana pale Kariakoo anauza vocha za duka hilohilo, pamoja na kava za simu na chaja. Lipa Namba yake ameibandika kwenye kioo cha kibanda, anaweka chake kidogo juu ya bei, na ukishalipa anakutumia namba za vocha kwa ujumbe. Hakuniuliza jimbo. Duka nalo, likiona fedha imekwisha kuingia mfukoni mwake kama salio, haliulizi tena mtu anakaa wapi. Nusu saa baadaye yule kijana akapiga simu mwenyewe: "Kaka, imeingia?" Nikamwambia imeingia. Akasema kama kuna tatizo nimrudie, yupo mpaka saa mbili usiku. Ndiye huduma kwa wateja pekee niliyemwona katika safari hii yote, na mshahara wake nimeulipa mimi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa kumalizia tunayo maombi mawili, ambayo tunajua wewe huna mamlaka nayo, lakini tunaomba utufikishie kwa wakubwa wako. La kwanza, kile kinyota chekundu kiondolewe, au mikoa yetu iingizwe mle ndani. Orodha yake tunayo na tutaitoa bure. La pili ni ile dola.

Tunashukuru kwa kutusikiliza bila kutikisika.

Imesomwa kwa niaba ya wateja.
Nchi: Tanzania, Jamhuri ya Muungano wa.
Jimbo: tafadhali chagua.