Rangi Mpya, Bei ya Ndotoni

Soko la mnunuzi, yaani hali ambapo nyumba zinazouzwa ni nyingi kuliko watu wenye fedha mkononi, huwafikia wauzaji wa Mvumi, wilayani Kilosa, kama msiba wa kijiji jirani: husikika, huhurumiwa, kisha kila mmoja huendelea na yake. Mwenye nyumba hupanga bei kwa kujumlisha bati, saruji, tofali za kuchoma na jasho lake, halafu huongeza thamani ya SGR, reli ya kisasa yenye kituo Kilosa, kana kwamba treni itasimama sebuleni.

Matayarisho nayo yana elimu yake. Tangu mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, rangi ya kwanza hupakwa pale hasa maji yalipoacha mstari ukutani, na mnunuzi hukaribishwa kiangazi. Dalali, ambaye ni mpatanishi anayelipwa na bei huku akiapa kuwatumikia wote wawili, huita ufa "njia ya hewa". Mke ndiye husahauliwa, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa yake.

Mwaka ukipita bila mteja, bei haishuki hata shilingi. Mwenye nyumba huchukua brashi na kuandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi", maneno ambayo kwingine huwafukuza matapeli, na hapo, kwa mara ya kwanza, tangazo lake huaminiwa na kila apitaye.