Barua kwa Mwenyekiti wa Tume ya Ajali Ijayo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Yah: Ombi la kuanza kazi mapema

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua bado hujateuliwa, na kwamba chombo kitakachokupatia uteuzi huo huenda leo kiko gatini kinapakia ndizi na watu. Lakini swali la kwanza utakaloulizwa tunalijua sote: walikuwemo wangapi? Nimeona nikuandikie wakati wahusika bado wanahesabika.

Waliokutangulia walipata tabu sana na swali hilo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, orodha ilionyesha abiria 443 wa madaraja ya juu, katika meli iliyoruhusiwa kubeba 430. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote, ndiyo maana hadi leo tunasema "zaidi ya 800", kama madalali wanaokisia magunia. Septemba 2011 MV Spice Islander, yenye nafasi ya abiria 645, ilizama ikielekea Pemba. Tume ilipomaliza kazi ikasema walikuwemo zaidi ya 2,000. Maana yake watu zaidi ya 1,000 hawakuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote mpaka ndugu zao walipokuja kuwadai. Kisha Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kikapinduka kikikaribia gati la Ukara, siku ya gulio la Bugolora, tukazika zaidi ya 220. Ilikuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliopanda, kwani mkata tiketi alizama na mashine yake ikapotea. Kumbukumbu ya abiria nayo ilikuwa abiria.

Kwa hiyo naomba uapishwe sasa. Wewe na wajumbe wako mkae gatini chini ya mwarobaini, meza ikiwa na kitambaa cha kijani na maji ya chupa, na posho ya kikao kama kawaida. Ripoti iwe imeshachapwa, maana yaliyomo tunayajua: chombo kilizidisha mzigo, ukaguzi ulilegalega, hatua kali zichukuliwe. Iachwe nafasi tupu ya jina la chombo na tarehe. Mjumbe mmoja ahesabu wanaopanda. Akifika 101, akohoe kwa heshima, amwite abiria wa 102 na kumhoji kama shahidi angali na nguo kavu. Asomewe mapendekezo yatakayomhusu, aulizwe kama ana la kuongeza. Rambirambi nazo zisomwe kwa kipaza sauti kabla chombo hakijang'oa nanga, ili kwa mara ya kwanza zisikiwe na walengwa.

Utasema abiria wenyewe ndio wanaojazana. Wanajazana, ndiyo. Mtu wa Ukara aliyekwisha kuuza dagaa wake gulioni, na kivuko ni hicho hicho, ulitaka alale wapi? Kumzuia ni kazi ya mwenye lango, na lango linalojua kupokea nauli linaweza pia kufungwa. Utasema nchi ni maskini. Nakubali kwamba injini mpya ni ghali. Mnyororo mbele ya mtu wa 102 ni bei ya kufuli. Utasema ni kazi ya Mungu. Hapo, mheshimiwa, hapana. Mungu hakukata tiketi. Namba ya uwezo wa chombo iliandikwa na binadamu na kukanyagwa na binadamu, na mnamkumbuka Mungu siku ya kuopoa maiti tu. Tumechoka kuzika makadirio!

Niwie radhi, turudi kwenye itifaki. Kama ombi hilo ni zito, nina madogo. Majaketi okozi yatolewe kwenye makabati yaliyofungwa. Ripoti iwe na safu ya majeruhi, kwa sababu aliyevunjika mbavu au kumeza maji yenye dizeli huandikwa "amenusurika", na hakuna anayerudi kuuliza kama bado anaweza kuvuta nyavu. Na posho za wajumbe zilipwe kwa idadi ya abiria waliofika salama, kila mmoja akithibitishwa kwa jina. Naamini siku hiyo hiyo orodha itapatikana, hata ya daraja la tatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa 102