Barua ya wazi kwa Rais: Kila kiongozi apimiwe kipande chake

Kwako Mheshimiwa Félix Antoine Tshisekedi Tshilombo, Rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mkuu wa Nchi,

Baba yetu, najua mizigo uliyobeba ni mizito. Mimi ni mlimaji, mzaliwa wa Shasha, kijiji cha Masisi kilicho kando ya Ziwa Kivu, kati ya Sake na Minova. Uniwie radhi kwa kuthubutu kukuandikia. Hasira haikunituma, nimetumwa na matumaini.

Kwetu, siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kapita anayeisimamia hasemi tu, "Tengenezeni barabara." Anakuja na kamba. Anapima kuanzia kwenye mgomba hadi darajani, anagawa: nyumba hii hatua kumi, nyumba ile hatua kumi, mfereji uwe wa kina cha goti. Jua likifika utosini anapita tena na kamba ileile. Aliyemaliza anaonekana, aliyelala anaonekana. Ugomvi haupo, kwa kuwa kila mtu alijua kipande chake kabla hajashika jembe.

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, nakuomba tuikumbuke tarehe 6 Mei 2021, utawala wa dharura wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri. Majenerali wakawa magavana, na manaibu wao wakatoka polisi. Tuliupokea kwa moyo mmoja, maana tulichoka kuzika. Ulianza kwa siku 30, ukaongezwa siku 15, kisha 15 nyingine, hadi ikawa miaka. Agosti 2023 ukawaita wajumbe wetu Kinshasa kuutathmini, na maoni yakagongana. Sishangai. Sisi wa kijijini tuliambiwa kwamba lengo ni kurudisha usalama. Ni neno jema, lakini usalama wa barabara ipi? Kufikia lini? Na nani ataulizwa?

Februari 2024 vita vilifika Shasha, barabara ya kitaifa namba 2 ikakatika. Watu na mizigo wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo, meli iitwayo Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, waliokuwa ufukweni wakitazama. Makumi ya watu waliangamia. Barabara ingekuwa wazi, wengi wao wangepanda gari, wakapita mbele ya nyumba zetu.

Sisemi viongozi hawakujitoa. Jenerali Peter Cirimwami, aliyekuwa gavana wetu, alikufa vitani Januari 2025, na tunamwinamia. Moyo wa kujitoa upo. Kilichopungua ni kipimo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, amani itakaporudi nawe ukiweka tena viongozi juu yetu, tunakusihi umpe kila mmoja kipande chake, naye akubali mbele yetu. Wa barabara aseme ni mwezi gani lori litatoka Sake hadi Minova bila kutozwa pesa kwenye bariere. Wa afya aseme ni zahanati zipi zitakuwa na mkunga na dawa, na lini. Anayeshughulikia waliokimbia aseme kaya ngapi zitakuwa mashambani mwao kabla ya upanzi wa Septemba. Wapewe pia pesa na mamlaka ya kuifanya kazi hiyo, maana kumdai mtu mfereji bila kumpa jembe ni kumwonea.

Kisha kila miezi mitatu wasimame mbele ya wananchi, waeleze kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa pekee, kilichofanyika, kilichobaki na sababu yake. Aliyefanya vizuri tumshukuru hadharani. Aliyeshindwa asaidiwe, au ampishe mwingine.

Mungu akulinde, Baba, akupe hekima. Tunakuomba uwapimie viongozi wetu kazi kabla hawajaianza, nasi tutakuwa mashahidi wao.

Wako mtiifu,
Mlimaji wa Shasha