Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango: Oili Chafu Ipewe Alama

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania.

YAH: OMBI LA KUITAMBUA RASMI OILI CHAFU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Dumila iko kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, mahali ambapo Serikali haijawahi kupungukiwa vipimo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilisogeza mpaka wa hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na mita hizo saba na nusu zinatosha kumletea mtu alama ya X ukutani. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara hiyohiyo na kubomoa nyumba hapa na Magole bila kuhitaji oili ya aina yoyote. Wabomoaji wa kibinadamu hawana bahati hiyo. Wanatumia nyundo ya umeme, ile mashine ya kuvunjia zege, na ndani yake humiminwa chochote kilicho karibu. Kwa kuwa mazoea yamekuwa sheria, naomba oili chafu ipewe alama yenu ya ubora.

Sifa zake ni nyingi. Inapatikana gereji yoyote ya malori, na tayari ina masizi, tindikali na chembe za chuma, kwa hiyo mteja anapata msasa bila kuulipia. Ndani ya nyundo hiyo mota huzungusha gia, gia huendesha pistoni, lakini pistoni haigongi tindo. Inabana hewa, na hewa ndiyo inayorusha chuma kinachogonga. Kinachozuia hewa isitoroke ni mpira mwembamba wa duara. Chembe zikishaukwangua, mashine itanguruma vilevile, ila zege litakaa kimya likiisikiliza.

Wapo wakaidi wanaosoma vitabu vya mashine. Hao hudai kwamba nyundo yenye kidirisha cha kioo ubavuni hutiwa oili, mara nyingi oili safi ya injini kama 15W-40, wakati iliyofungwa grisi kiwandani haitaki oili hata tone. Ile 15W hueleza tabia ya oili kwenye baridi, jambo lisilotusumbua Dumila. 40 ni uzito wake ikishapata moto. Nyepesi mno huvuja kwenye sili, nzito mno huifanya mota ivute umeme mwingi mpaka koili iungue. Wazee wa gereji hujibu kwamba oili ya gia namba 90 ni bora, maana 90 inazidi 40. Hoja hiyo ingesimama kama namba zenyewe zingetoka kwenye mizani moja. Ni mizani mbili: 90 ya gia inakaribiana kwa uzito na 40 au 50 ya injini, na baadhi ya oili hizo zina viungo vya salfa vinavyokula shaba.

Utasema kosa ni la fundi. Lakini mashine nyingi ni za kukodi. Anayekodi kwa siku hana sababu ya kununua lita ya oili safi kwa ajili ya chuma atakachokirudisha jioni, na mwenye mali haoni kilichomiminwa. Atakayesukiwa mota ni mwingine, na gharama itaingia kwenye bei ya kubomoa msingi wa jirani. Utasema kijitabu kipo. Kipo, kwa Kichina na Kiingereza, kwenye boksi lililobaki Kariakoo. Na ukisema ukaguzi ni mzigo, mnao tayari utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapanda meli; kinachokosekana ni stika moja ya Kiswahili pembeni ya mfuniko: oili au grisi, daraja gani, kiasi gani, ibadilishwe lini.

Kama stika ni kazi kubwa, basi ombi langu la kwanza libaki palepale. Nimeambatisha sampuli kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kifungashio chake cha kawaida. Tafadhali mhudumu wa ofisi asiiweke karibu na chai ya rangi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Dumila